Nyimbo za Masasi na Newala katika Mizani ya Berlin

Tangu Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aombe msamaha mjini Songea, tarehe 1 Novemba 2023, kwa ukatili wa Vita vya Maji Maji, mjadala wetu kuhusu urithi uliochukuliwa umejikita katika vitu vinavyoshikika: mafuvu ya wazee wetu, vinyago, na mifupa ya mijusi wa kale wa Tendaguru. Ni madai ya haki. Nashauri tuongeze nyimbo.

Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alifika Masasi, kisha akapanda uwanda wa Makonde hadi Newala, akiwa na fonografu ya kunasa sauti kwenye silinda za nta. Majivu ya vita yalikuwa bado na moto. Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji walikuwa wameishambulia misheni ya Masasi na kuiharibu. Kwa hiyo walioimba mbele ya chombo kile walimwimbia mgeni aliyesindikizwa na askari wa dola iliyotoka kuwashinda. Kitabu cha Weule cha mwaka 1908 kinamtaja Sulila, mwimbaji kipofu wa Masasi, pamoja na Pesa Mbili, Mnyamwezi aliyekuwa miongoni mwa wapagazi wa msafara.

Uhakiki ulifanyika mbali. Erich von Hornbostel, mkuu wa hifadhi ya sauti ya Berlin, alizisikiliza nyimbo za Wanyamwezi zilizonaswa na Weule, na mwaka 1909 akachapisha uchambuzi wake. Simdharau: alizipima sauti zile kwa makini, wakati Wazungu wengi waliuita muziki wetu kelele. Lakini tuulize alipima nini. Silinda moja ilibeba dakika mbili au tatu, ilhali ngoma yaweza kukesha. Kiongozi huongeza maneno kadiri waitikiaji wanavyomchochea, na maana hukua kwa kujibizana huko. Kilichofika Berlin kilikuwa kipande, bila wachezaji na bila hadhira iliyojua ni nani anasifiwa na nani anasemwa kwa mafumbo. Katika nchi iliyotoka vitani, fumbo lilikuwa na uzito ambao hakuna kipimo cha sauti kingeuonyesha.

Ndiyo maana nasema uhakiki wa nyimbo hizi haujakamilika. Makusanyo ya silinda za kale za Berlin yaliingizwa mwaka 1999 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Dunia imekubali thamani yake. Wenye lugha nao wapewe nafasi ya kusema zina maana gani.

Kwa watumishi wa umma wanaoandaa mazungumzo na Ujerumani, pendekezo langu ni jepesi kutekelezeka. Kuhamisha mifupa ya mjusi kunahitaji meli na jengo. Sauti hunakiliwa, na asili yake ikabaki ilipo. Tuombe nakala na maandishi yaliyoambatana nazo, zipelekwe kwenye shule na maktaba za Masasi na Newala. Wanafunzi wakae na wazee wanaojua Kiyao, Kimakua na Kimakonde, wasikilize, waandike maneno na kuyafafanua. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na neno la kale likikosa wa kulifafanua, hata silinda iliyo salama Berlin haitatusaidia kulielewa.