Utii wa kanuni ya kutokaribiana wakati wa Uviko-19 Kibaha na Kisarawe

Utii wa kanuni ya kutokaribiana Kibaha na Kisarawe ni namna wakazi wa wilaya hizo mbili za Mkoa wa Pwani, nchini Tanzania, walivyopokea na kutekeleza maagizo ya kukaa mbalimbali na kuepuka misongamano wakati wa janga la Uviko-19 kuanzia Machi 2020. Wilaya hizo zinapakana na jiji la Dar es Salaam, na wakazi wake wengi hutegemea jiji hilo kwa kazi, biashara, masomo na matibabu. Kwa sababu hiyo kanuni iliyoonekana rahisi katika matangazo ilikutana na maisha ya watu wanaopata riziki ya siku kwa siku, wanaosafiri kwa daladala na kuishi kwa kushirikiana katika ibada, misiba na sherehe.

Maana ya kanuni

Kutokaribiana ni njia ya kupunguza maambukizi ya magonjwa yanayoenea kwa hewa au kwa matone yatokayo mdomoni na puani mtu anapokohoa, kupiga chafya au kuzungumza. Virusi vya korona huenea kwa urahisi zaidi pale watu wanapokaa karibu kwa muda mrefu, hasa ndani ya chumba au gari lisilopitisha hewa vizuri. Nchini Tanzania wananchi waliagizwa kukaa umbali wa angalau mita moja kati ya mtu na mtu, kuacha kushikana mikono na kukumbatiana, na kuepuka mikusanyiko isiyo ya lazima. Kanuni hiyo ilikwenda pamoja na kunawa mikono kwa maji tiririka na sabuni, kutumia vitakasa mikono na kuvaa barakoa.

Jina Uviko-19 ni kifupi cha "ugonjwa wa virusi vya korona" wa mwaka 2019. Mwaka 2020 watu wengi waliuita ugonjwa huo "korona" tu. Neno Uviko lilienea katika matangazo ya serikali kuanzia mwaka 2021.

Mazingira ya Kibaha na Kisarawe

Mji wa Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Uko kando ya barabara kuu ya Morogoro, takribani kilomita 40 magharibi mwa Dar es Salaam. Magari mengi yaendayo mikoa ya bara na nchi jirani za Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi hupita hapo. Katika mji huo iko Hospitali ya Tumbi, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, pamoja na Shirika la Elimu Kibaha lenye shule za sekondari za bweni. Mlandizi, mji mwingine wa Wilaya ya Kibaha, uko mbele zaidi kwenye barabara hiyohiyo.

Kisarawe iko kusini-magharibi mwa Dar es Salaam, baada ya Pugu. Makao makuu ya wilaya yako karibu na jiji, lakini kata za ndani kama Maneromango na Mzenga ni za vijijini, na wakazi wake wengi ni wakulima. Wenyeji wa asili wa eneo hilo ni Wazaramo.

Katika sensa ya mwaka 2012, Halmashauri ya Mji wa Kibaha ilikuwa na wakazi 128,488, Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha 70,209 na Wilaya ya Kisarawe 101,598. Vijijini nyumba zimeachana na kazi kubwa hufanyika shambani, hivyo umbali wa mita moja si shida mchana. Msongamano hutokea katika maeneo machache: stendi, soko au gulio, msikiti, kanisa, darasa, foleni ya zahanati na nyumba yenye msiba.

Maagizo ya mwaka 2020

Hata kabla ya ugonjwa kutangazwa nchini, dalili za mabadiliko zilionekana. Tarehe 3 Machi 2020 Rais John Magufuli na Seif Sharif Hamad walisalimiana kwa kugusana miguu katika Ikulu ya Dar es Salaam, na picha yao ilisambaa haraka.

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa na Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, tarehe 16 Machi 2020. Alikuwa Mtanzania aliyerejea kutoka Ubelgiji kupitia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule na kusitishwa kwa mikusanyiko ya michezo na burudani. Vyuo vilifungwa baada ya hapo. Sherehe za Muungano za tarehe 26 Aprili ziliahirishwa. Kifo cha kwanza kilitangazwa tarehe 31 Machi.

Tanzania haikufuata njia ya majirani zake. Rwanda iliwataka raia wabaki nyumbani kuanzia Machi 2020, Uganda ilifuata, na Kenya iliweka marufuku ya kutoka nje usiku kuanzia tarehe 27 Machi. Nchini Tanzania masoko, ofisi na viwanda viliendelea na kazi, na nyumba za ibada hazikufungwa. Serikali ilieleza kwamba watu wa kipato cha chini wangeumia kwa kufungiwa ndani. Hivyo utii wa kutokaribiana ulitegemea zaidi hiari ya mwananchi, usimamizi wa viongozi wa mitaa na vijiji, na masharti ya kila mwenye duka, gari au nyumba ya ibada.

Utekelezaji katika maisha ya kila siku

Usafiri

Daladala zilikuwa mtihani mkubwa kuliko yote. Safari za Kibaha hadi Mbezi na Kisarawe hadi Gongo la Mboto hubeba wafanyakazi, wafanyabiashara na wanafunzi, na asubuhi na jioni abiria huwa wengi kuliko magari. Agizo la mwaka 2020 lilitaka abiria wote wakae, asisimame mtu. Agizo hilo lilipunguza kubanana, lakini halikuleta umbali wa mita moja, kwa kuwa viti vya basi dogo vimepangwa bega kwa bega.

Lilikuwa pia na gharama. Nauli hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), na dereva hutakiwa kumpelekea mwenye gari hesabu ya siku isiyopungua. Gari likibeba watu wachache kwa nauli ileile, kinachopungua ni pato la dereva na kondakta. Abiria naye, akiyaacha magari mawili au matatu yaliyojaa, huchelewa kazini. Kwa hiyo agizo lilitekelezwa vizuri zaidi palipokuwa na askari wa usalama barabarani, na lililegea mahali na saa ambazo hawakuwapo.

Masoko na maduka

Katika masoko na milango ya ofisi ziliwekwa ndoo zenye koki, sabuni na maandishi ya kumtaka kila aingiaye anawe. Kunawa kulipokelewa kwa urahisi kuliko kutokaribiana. Ndoo huonekana, na asiyenawa hukumbushwa papo hapo, lakini umbali kati ya wateja hauna msimamizi. Mama lishe, wauza samaki na wauza mboga hukaa katika vizimba vilivyobanana, na mteja hulazimika kusogea ili achague na kupatana bei.

Upatikanaji wa maji nao ulikuwa na uzito wake. Mtambo wa Ruvu Juu uliopo Mlandizi huzalisha maji yanayotumiwa Kibaha na Dar es Salaam, lakini mji wa Kisarawe ulikuwa na shida ya maji kwa miaka mingi hadi mradi wa kuyaleta kutoka Kibamba ulipozinduliwa mwaka 2020. Mahali ambapo maji huchotwa kwenye kisima au bomba moja, foleni ya ndoo yenyewe huwa ni mkusanyiko.

Ibada

Waislamu ni wengi katika Pwani, na pia wapo Wakristo wa madhehebu mbalimbali. Mwaka 2020 mfungo wa Ramadhani ulianza mwishoni mwa Aprili, wakati hofu ilikuwa kubwa. Sala ya jamaa hutaka waumini wasimame safu moja bega kwa bega, na futari huliwa kwa kushirikiana sinia moja. Makanisani, kupeana mikono ya amani na kupokea komunyo vilihitaji utaratibu mpya. Viongozi wa dini walihimiza kunawa, kupanga nafasi na kufupisha ibada. Hata hivyo kauli ya Rais Magufuli kwamba nyumba za ibada zisifungwe, na siku tatu za maombi ya kitaifa kuanzia tarehe 17 Aprili 2020, ziliwafanya waumini wengi waone kwamba kukusanyika kwa sala ni sehemu ya kinga, si hatari.

Misiba na sherehe

Msiba ndio ulioigusa jamii kwa kina zaidi. Katika Pwani kuhudhuria mazishi ni wajibu: watu huosha maiti, huswali, huchimba kaburi, hukaa matanga na kumpa mfiwa mkono wa pole. Mwongozo wa afya ulitaka maziko ya waliofariki kwa Uviko yasimamiwe na maafisa wa afya na yahudhuriwe na watu wachache. Kwa familia nyingi hilo lilikuwa jeraha la pili, maana asiyefika msibani huonekana amemtenga mwenzake. Hata katika misiba ya magonjwa mengine, mtu aliyekataa kutoa mkono alihofia kuonekana ana kiburi. Salamu ya mdomo kama shikamoo ilibaki. Mkono ndio uliokuwa mgumu kuuzuia.

Harusi, ngoma za kumtoa mwali na maulidi hukusanya ukoo na majirani kwa namna hiyohiyo. Tofauti ni kwamba sherehe inaweza kuahirishwa, lakini msiba hausubiri.

Shule

Kidato cha sita na vyuo vilirejea tarehe 1 Juni 2020, na shule nyingine tarehe 29 Juni. Shule za bweni kama Sekondari ya Kibaha na Minaki, iliyoko Kisarawe, zilipaswa kupokea wanafunzi wanaolala bweni moja na kula pamoja. Katika shule nyingi za kutwa dawati moja hutumiwa na wanafunzi wawili au zaidi, hivyo kuacha mita moja kungehitaji vyumba ambavyo havikuwapo.

Sababu zilizoathiri utii

Kipato: Asiye na mshahara wa mwezi hawezi kukaa nyumbani bila kulala njaa. Bodaboda, kibarua na mchuuzi walipima hatari ya ugonjwa dhidi ya uhakika wa kukosa chakula.

Taarifa: Takwimu za taifa zilisimama mwishoni mwa Aprili 2020. Jumla iliyobaki katika kumbukumbu za kimataifa kwa muda mrefu ilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21. Mwezi Mei rais alitilia shaka vipimo vya maabara ya taifa, na Juni alitangaza kwamba nchi imeshinda ugonjwa huo. Mtu hutii kanuni ngumu akiiona hatari. Idadi ilipokoma kutangazwa, ndoo nyingi zilikauka na viti vya daladala vikarudi kujaa.

Mfano wa viongozi: Kampeni za uchaguzi mkuu wa tarehe 28 Oktoba 2020 zilikusanya umati nchini kote. Mwananchi aliyeona mikutano hiyo hakuwa na sababu ya kukataa kwenda harusini.

Makazi: Katika nyumba za kupanga, familia kadhaa hutumia ua, choo na bomba moja. Kumtenga mgonjwa chumba cha peke yake haikuwezekana kwa wengi.

Njia mbadala: Kujifukiza kwa mvuke wa majani, maarufu kama nyungu, pamoja na tangawizi na malimau, kulipendwa kwa kuwa kulifanyika nyumbani bila kumtenga mtu na jamii yake. Tiba hizo hazizuii mtu kuambukiza wengine.

Mwaka 2021 na chanjo

Wimbi la mapema mwaka 2021 lilirudisha tahadhari. Tarehe 21 Februari Rais Magufuli aliwahimiza wananchi kuvaa barakoa zilizotengenezwa nchini. Baada ya kifo chake tarehe 17 Machi, Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na serikali ikarudi kutoa takwimu. Julai 2021, wakati wa wimbi la tatu, Wizara ya Afya ilitoa mwongozo mpya wa kudhibiti ugonjwa katika misongamano. Tarehe 28 Julai rais alichanjwa hadharani kuzindua chanjo. Dozi za kwanza 1,058,400 zilitoka Marekani kupitia mpango wa COVAX. Kutoka hapo mkazo ulihama polepole kutoka kwenye umbali kwenda kwenye chanjo.

Matokeo na mafunzo

Oktoba 2021 Tanzania ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 uliotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Sehemu yake ilijenga vyumba 15,000 vya madarasa nchini, ambavyo watu waliviita "madarasa ya Uviko". Hivyo msongamano darasani, uliokuwepo miaka mingi kabla ya ugonjwa, ulipunguzwa kwa fedha za kupambana nao.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba Uviko-19 si dharura ya kimataifa tena. Hali ya Kibaha na Kisarawe inaonyesha kwamba utii hauletwi na elimu ya afya peke yake. Kunawa mikono kulishika haraka kwa sababu kulihitaji ndoo, maji na sabuni tu. Kutokaribiana kulihitaji mabasi zaidi, madarasa zaidi, akiba ya chakula nyumbani, taarifa zisizokatika, na namna ya kumzika marehemu bila mfiwa kujiona ametengwa.

Tazama pia

Uviko-19
Mkoa wa Pwani
Kibaha
Kisarawe
Daladala