Jinsi mawimbi ya tetemeko yanavyosafiri ardhini

JIONI ya Julai 17, 2007, wafanyakazi wengi jijini Nairobi walitimua mbio kutoka kwenye majumba ya ghorofa baada ya sakafu kuanza kuyumba. Chanzo cha kiwewe hicho hakikuwa jijini wala hata nchini Kenya. Kilikuwa karibu na mlima Gelai na Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, zaidi ya kilomita 150 kutoka Nairobi, ambako tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilikuwa limetokea. Mtikisiko huo ulifikaje jijini kwa muda usiotimia dakika moja?

Jibu limo katika mawimbi. Miamba ya Bonde la Ufa huvutwa pande mbili, mashariki na magharibi, kwa mwendo wa milimita chache tu kila mwaka. Hustahimili kwa miaka mingi, kisha hukatika na kuteleza ghafla. Nguvu iliyokuwa imelimbikizwa humo hutoka kwa mpigo mmoja na kusambaa kila upande, mfano wa viwimbi vya maji pale jiwe linapotupwa kidimbwini. Tofauti ni kwamba haya ya ardhini hayaendi juu juu tu, bali hupenya chini hadi kuvuka tumbo la dunia.

Mawimbi yanayotangulia huusukuma na kuuvuta mwamba mbele na nyuma, kama foleni ya watu wanaposukumana mmoja baada ya mwingine. Katika tabaka la juu la dunia, kasi yake ni takriban kilomita sita kwa sekunde. Ya pili huitikisa ardhi kwa upande, mithili ya kamba iliyofungwa mtini ikichezwa na mtoto, na kasi yake ni kilomita tatu na nusu hivi kwa sekunde. Nyuma yake huja yale yanayotambaa juu ya ardhi, ambayo ni mazito na mara nyingi ndiyo yanayobomoa nyumba.

Tofauti hiyo ya mwendo ndiyo ufunguo wa elimu hii. Kadiri mtu alivyo mbali na kitovu, ndivyo pengo kati ya wimbi la kwanza na la pili linavyopanuka. Mtaalamu akisoma pengo hilo kwenye mtambo wa kunasa mitetemo, kama ule ulioko Kilima Mbogo karibu na Thika, huzidisha sekunde kwa nane na kupata makadirio ya umbali kwa kilomita. Pengo la sekunde 20 lina maana ya kilomita 160. Hata hivyo, mtambo mmoja hauwezi kuonyesha ni upande gani kwa uhakika. Huhitajika vituo vitatu, kila kimoja kichorewe duara lake kwenye ramani. Mahali maduara yanapokutana ndipo penye kitovu.

Mawimbi hayo hayo ndiyo yaliyofichua mambo ambayo hakuna mchimbaji atakayeyafikia. Wimbi la pili haliwezi kupita katika kitu cha majimaji, kwa kuwa majimaji hayana ukakamavu wa kulirudisha likivutwa kando. Wataalamu walipogundua kwamba mawimbi hayo hayajitokezi upande wa pili wa dunia, walitambua kwamba, kuanzia kina cha kilomita 2,900, kiini cha dunia ni cha majimaji. Kisha mwaka 1936, Inge Lehmann wa Denmark, aliyechunguza rekodi za matetemeko likiwemo la New Zealand la mwaka 1929, aliona mawimbi ya kwanza yakijitokeza mahali yasipotarajiwa. Alieleza kwamba ndani ya kiini hicho mna kiini kingine. Leo inajulikana kwamba hicho cha ndani ni kigumu.

Umbali pekee hauamui madhara. Tetemeko la Septemba 19, 1985 nchini Mexico lilitokea zaidi ya kilomita 300 kutoka mji mkuu, lakini maelfu waliangamia humo kwa sababu sehemu kubwa ya jiji imejengwa juu ya udongo laini wa ziwa la kale, ambao uliyakuza mawimbi.

Kenya nayo isidhani kwamba imesalimika. Januari 6, 1928, tetemeko la ukubwa wa karibu 6.9 liliipasua ardhi ya Subukia kwa urefu wa zaidi ya kilomita 30. Enzi hizo majengo ya mawe yalikuwa machache. Sasa eneo hilo lina miji na shule nyingi.

Hakuna mtaalamu awezaye kutaja siku wala saa ya tetemeko lijalo. Japani, ambayo tangu 2007 huwatangazia raia wake onyo, haitabiri. Hunasa wimbi la kwanza na kuwahi kabla ya mtikisiko mkubwa. Aliye mbali hupata nafasi ya kujikinga chini ya meza. Aliye kilomita 30 tu kutoka kitovu ana pengo la sekunde nne hivi kati ya mawimbi hayo mawili, na huenda onyo lisimfikie kabla sakafu haijaanza kuyumba.