Kwa nini mdogo wangu alizuiliwa akiwa na siku tatu

Mdogo wangu ana miaka 15. Akiwa na siku tatu tu duniani, alizuiliwa hospitalini pamoja na mama, kule kwetu Kivu ya Kusini, sababu baba hakuwa na pesa ya kulipia uzazi. Walikaa mule siku kumi na moja. Mama alilala kwenye mkeka, maana kitanda kilipewa mwingine. Mimi nilikuwa nawapelekea ugali na sombe. Mwishowe baba akauza mashini yake ya kushona, ndiyo wakaachiliwa. Hospitali yenyewe siitaji. Haikuwa peke yake, na wengi mnaosoma hapa mnalijua jambo hili.

Mwezi uliopita, kwenye kikundi cha vijana hapa Nakivale, tulikuwa tunazungumza habari za afya. Dada mmoja akasema: "Hapa Uganda mtu anazaa bure. Waganga wa Kongo wana roho mbaya tu." (Kwetu hata nesi tunamwita muganga.) Wengi wakakubali. Mdogo wangu akaniuliza mbele ya wote: "Kaka, sasa mimi walinifungia nini?" Sikuwa na jibu. Nikaenda kwa mzee mmoja wa kijiji chetu aliyefanya kazi ya uganga tangu wakati wa Mobutu, kisha nikasoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na Wabelgiji. Hospitali walijenga, tena nzuri, lakini zilifuata faida yao. Katanga, kampuni ya Union Minière ilikuwa na hospitali za wafanyakazi wake, kwa kuwa mgonjwa hachimbi shaba. Bas-Congo ilipata FOREAMI, mfuko wa Malkia Elisabeth ulioanza mwaka 1930. Sehemu nyingi nyingine ziliachiwa misheni. Pasipo mgodi wala misheni, mara nyingi mtu alitembea mbali. Na uhuru ulipofika mwaka 1960, Kongo haikuwa na daktari mzalendo hata mmoja. Kulikuwa na wasaidizi wa madaktari, watu walioijua kazi ila hawakupewa nafasi ya kusomea udaktari. Wabelgiji walipokimbia, hao ndio walibaki na wagonjwa. Baadaye Shirika la Afya Duniani likapeleka baadhi yao Ufaransa wakamalizie masomo.

Tulipofika miaka ya 1970, uso wa mzee ulifunguka. Kumbe kuna kitu Kongo ilifanya vizuri. Kasongo, kule Maniema, pamoja na sehemu kama Kisantu na Vanga, watu walijaribu mpango mpya: hospitali moja ya rufaa katikati, vituo vya afya kuizunguka, na wakaaji wenyewe kuwa na kamati. Mwaka 1978 mataifa yalipokutana Alma-Ata na kukubaliana juu ya afya ya msingi, Zaire tayari ilikuwa na mifano yake. Miaka ya 1980 nchi nzima ikagawanywa katika zoni za afya 306.

Lakini zoni kwenye karatasi si dawa kwenye kabati. Mwaka 1981 makanisa ya Kiprotestanti, kwa pesa za Marekani, yalianzisha mradi wa SANRU, na ukafika kusaidia zoni kama 100. Piga hesabu mwenyewe. Zilizobaki, nyingine zilikuwa na Wabelgiji au Wakatoliki, nyingine hazikuwa na wa kuzishika mkono. Ndiyo maana watu wawili wa nchi moja, wenye malaria moja, wanatibiwa tofauti kabisa. Inategemea nani alishika zoni yako.

Na serikali? Mshahara wa waganga uliendelea kupungua mpaka wengine hawakuuona tena. Mwaka 1990 Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano baada ya wanafunzi kuuawa Lubumbashi. Mwaka 1991, askari walipopora Kinshasa, Wamarekani nao wakaondoka. Kisha vita. Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, kwenye milima ya Uvira, ilishambuliwa na wagonjwa wakauawa. Aliyekuwa mkuu wake, Daktari Denis Mukwege, ndiye alianzisha Panzi kule Bukavu mwaka 1999.

Hapo nikamuuliza mzee swali la mdogo wangu. Alinyamaza kwanza. Halafu akasema: "Mimi pia nilizuia wamama. Serikali hainilipi. Tunagawana pesa ya wagonjwa. Wakitoka watano bila kulipa, watoto wangu hawaendi shule." Hakujitetea. Alisema tu.

Sasa turudi kwa yule dada. Uganda nayo ililipisha wagonjwa miaka ya 1990. Machi 2001 serikali ikafuta malipo kwenye vituo vyake, watu wakajaa, na dawa zikawa zinaisha. Sisi huku tunayajua. Unapanga laini tangu alfajiri, mchana unaambiwa dawa imeisha, kanunue. Mama akihitaji kupasuliwa, kituo cha daraja la tatu hakina chumba cha upasuaji, lazima apelekwe daraja la nne, na gari ndilo linasubiriwa. Ni bure, kweli, na hakuna anayezuiliwa na mtoto wake. Hilo si dogo. Ila bure na matibabu mazuri ni vitu viwili.

Tena hiyo bure yetu inategemea sana pesa za nje. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada, mzee alisema: "Hii niliiona 1991." Lakini zoni za afya hazikufa mwaka ule. Makanisa na waganga waliendelea kuzishikilia, na leo Kongo ina zoni 519. Septemba 2023 serikali ilianzisha uzazi wa bure, ila ilianzia wapi? Kinshasa. Sisi wa mbali tunajua maana ya kungoja.

Jumamosi nilimleta mzee kwenye kikundi. Aliwaeleza vijana yote, na lile la kuzuia wamama pia. Yule dada alisema bado ni vibaya. Mzee akajibu: "Ndiyo, ni vibaya." Mdogo wangu hakusema kitu, ila alimsindikiza mpaka nyumbani kwake.

Kwa ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika: mkituambia huduma ni bure, tuambieni pia nani anamlipa nesi, na mpaka lini. Kwa sisi wakaaji: kamati ya kituo ikiitisha mkutano, twende. Ule wa mwisho tulikuwa watu tisa.