Septemba 16: Siku Iliyotanguliwa na Kazi

Ukifungua kalenda ya Umoja wa Mataifa utaona kwamba karibu kila jambo lina siku yake: maji, misitu, bahari, udongo, hata nyuki. Wengi wetu huzipuuza siku hizi, na sababu inaeleweka. Hotuba husomwa, miche hupandwa mbele ya kamera, fulana hugawiwa, na kesho yake mambo ni yale yale.

Hata hivyo, ipo siku moja ambayo ningependa tuiangalie kwa makini leo. Ni Septemba 16, Siku ya Kimataifa ya Kuhifadhi Tabaka la Ozoni. Historia yake ina gesi iliyopendwa na kila mtu, programu ya tarakilishi iliyotilia shaka ukweli, na ofisi zilizoko hapa kwetu Nairobi.

Gesi isiyo na makosa

Katika miaka ya 1920 friji ilikuwa kifaa cha kuogopwa. Gesi zilizotumika kupoesha, kama vile amonia, zilikuwa na sumu, na zikivuja usiku zingeweza kuua watu wa nyumba nzima. Mwaka 1928 Mmarekani Thomas Midgley na wenzake wakapata jibu: gesi za klorofluorokaboni, ambazo kwa kifupi huitwa CFC. Haziwaki moto, hazina sumu na haziozeshi vyuma. Baada ya muda zikawa kila mahali: kwenye friji, viyoyozi, mikebe ya kupuliza marashi na sponji za magodoro. Hata viwanda vya elektroniki vilizitumia kusafishia bodi za saketi.

Mwaka 1974 wanakemia wawili wa Chuo Kikuu cha California, Mario Molina na Sherwood Rowland, walichapisha makala katika jarida la Nature. Walisema sifa ileile inayofanya gesi hizi zipendwe ndiyo hatari yenyewe. Kwa kuwa haziharibiki huku chini, hupanda polepole hadi kwenye tabaka la ozoni. Huko juu, miale mikali ya jua huzivunja na kuachilia klorini, na chembe moja ya klorini huweza kuharibu maelfu kwa maelfu ya molekuli za ozoni. Bila ozoni, miale ya urujuanimno hutufikia kwa wingi, na pamoja nayo saratani ya ngozi, mtoto wa jicho na hasara kwa mimea.

Wenye viwanda walipinga vikali. Walisema hiyo ni nadharia tu, ushahidi uko wapi?

Programu iliyoshuku

Wakati huo Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilikuwa bado changa. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua kuliunda Desemba 15, 1972, siku ileile lilipotangaza Juni 5 kuwa Siku ya Mazingira Duniani, na makao yake makuu yakawekwa Nairobi. Kuanzia 1975 hadi 1992 liliongozwa na mwanasayansi wa Misri, Mostafa Tolba. Ni yeye aliyezisukuma serikali kuzungumza. Mazungumzo hayo yalizaa Mkataba wa Vienna wa Machi 1985. Nchi ziliahidi kushirikiana katika utafiti na kupashana habari, lakini hapakuwa na kiwango chochote cha kupunguza CFC. Ilikuwa ahadi isiyo na tarehe ya mwisho.

Miezi miwili tu baadaye, Mei 1985, Waingereza watatu, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walichapisha vipimo kutoka kituo cha Halley, Antaktika. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1956 kwa ajili ya Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, na tangu wakati huo kilikuwa kikipima ozoni kutoka ardhini, msimu baada ya msimu. Kipimo cha kila Oktoba, ambacho zamani kilikuwa karibu 300 kwa kizio cha Dobson, kilikuwa kimeshuka hadi karibu 200.

Swali likazuka mara moja. Marekani ilikuwa na setilaiti ya Nimbus 7 angani tangu 1978, ikipima ozoni ya dunia nzima. Mbona haikusema chochote?

Hapa ndipo sisi waandishi wa programu tunapofaa kutega sikio. Kisa husimuliwa kwamba programu ya NASA ilizitupa takwimu hizo. Sivyo. Programu iliandikwa kuwekea alama ya shaka kipimo chochote kilichokuwa chini ya 180, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyewahi kuona kiwango kama hicho. Takwimu zenyewe zilihifadhiwa, na wataalamu walikuwa wameanza kuzichunguza Farman alipowatangulia. Zilipochambuliwa upya zilionyesha kwamba upungufu haukuwa wa kituo kimoja. Ulifunika eneo kubwa kama bara zima.

Kuwekea alama data ya kutiliwa shaka si kosa, kwani mitambo hukosea. Lakini alama ni ombi tu kwamba mtu aje aangalie. Na asingekuwapo mtu mwingine anayepima kwa chombo kingine, ombi hilo lingesubiri zaidi. Usemi wa wahenga kwamba kidole kimoja hakivunji chawa unahusu hata setilaiti.

Montreal

Septemba 16, 1987, nchi 24 pamoja na Jumuiya ya Ulaya zilitia sahihi Itifaki ya Montreal. Kenya ilikuwa miongoni mwa hizo 24, pamoja na Misri, Ghana, Senegal na Togo kutoka Afrika. Itifaki ilianza kutumika Januari 1, 1989.

Safari hii kulikuwa na hesabu. Nchi tajiri zilitakiwa kupunguza matumizi ya CFC kwa nusu kabla ya mwisho wa karne, zikilinganisha na kiwango cha 1986. Nchi maskini zilipewa miaka kumi ya ziada, kwani hazikuwa zimechangia sana uharibifu huo. Biashara ya gesi hizo na nchi zisizojiunga ilipigwa marufuku, kwa hiyo kukaa nje hakukuwa na faida.

Kitu ninachokipenda zaidi ni jinsi itifaki hii ilivyojengwa ili iweze kuboreshwa. Wanachama hukutana kila mwaka, hupokea ripoti za wanasayansi, na wanaweza kukaza ratiba ya gesi zilizomo tayari bila kuanza mkataba upya. London mwaka 1990 nusu iligeuzwa kuwa marufuku kamili. Copenhagen mwaka 1992 tarehe ya nchi tajiri ilisogezwa mbele hadi 1996. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi 2010. Ni kama programu inayotolewa toleo baada ya toleo, na kila toleo linasahihisha udhaifu wa lililotangulia.

London pia ndiko ilikoundwa hazina ya pamoja, ambamo nchi tajiri hulipia gharama za nchi zinazoendelea kubadilisha mitambo. Bila hazina hiyo, India na China zisingejiunga. Humu nchini, Kenya ilitunga kanuni za kudhibiti kemikali hizi mwaka 2007. Kila nchi hutuma takwimu zake za kila mwaka kwa Sekretarieti ya Ozoni, iliyoko Gigiri.

Siku ilikuja mwisho

Sasa tazama mpangilio wa mambo. Ni mwaka 1994 ndipo Baraza Kuu lilipotangaza Septemba 16 kuwa siku ya ozoni, na maadhimisho yakaanza 1995. Kufikia hapo itifaki ilikuwa na umri wa miaka saba, hazina ilikuwa inafanya kazi na viwanda vilikuwa vinabadilika. Siku hii haikuja kuomba kazi ianze. Ilikuja kukumbusha watu wasiiache njiani.

Mwaka 2009 mikataba ya Vienna na Montreal ilikuwa ya kwanza katika historia ya Umoja wa Mataifa kuridhiwa na kila nchi. Takriban asilimia 99 ya kemikali zilizolengwa zimeondolewa. Tathmini ya wanasayansi ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba ozoni itarudi katika hali ya 1980 kufikia mwaka 2040 hivi sehemu nyingi za dunia, na 2066 hivi juu ya Antaktika.

Si kwamba kila mtu amekuwa mwaminifu. Mwaka 2018 watafiti waligundua kwamba utoaji wa gesi ya CFC-11, iliyopigwa marufuku, ulikuwa ukiongezeka badala ya kupungua kama ilivyotarajiwa. Mwaka uliofuata sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilifuatiliwa hadi mashariki mwa China, na baadaye kiwango kikashuka. Safari hii alama ya shaka ilipata wa kuiangalia. Tena, gesi za HFC zilizochukua nafasi ya CFC haziharibu ozoni lakini huongeza joto duniani, kwa hiyo mwaka 2016 zikaingizwa katika itifaki kupitia Marekebisho ya Kigali.

Kwa hivyo, siku nyingine ya kimataifa itakapotangazwa, usiishie kuuliza kaulimbiu yake ni ipi. Uliza mambo manne: ni kiwango gani kinachopunguzwa, mwisho wake ni lini, nani analipa, na nani anapima. Ikiwa majibu yapo, siku hiyo inastahili kuadhimishwa. Ikiwa hayapo, basi kazi haijaanza, na fulana pekee haitaianzisha.