Mvinyo wa Moto wa Krismasi na Karafuu za Unguja

Mvinyo mwekundu unaopashwa moto pamoja na viungo ni kinywaji cha majira ya Krismasi katika nchi nyingi za Ulaya. Wajerumani huuita Glühwein, Waswidi huuita glögg. Warumi walikuwa na kinywaji kama hicho: kitabu cha mapishi chenye jina la Apicius kinaanza na mvinyo uliochemshwa na asali, ukatiwa pilipili manga, zafarani na kokwa za tende zilizokaangwa.

Katika Zama za Kati mvinyo wa viungo ulikuwa kinywaji cha matajiri. Wapishi wa Richard wa Pili, mfalme wa Uingereza, waliandika namna ya kuutengeneza mnamo mwaka 1390. Ulichujwa kwa kitambaa na kunywewa baada ya mlo, kwa kuwa ulidhaniwa kusaidia tumbo. Mkulima hakuuonja, kwa kuwa viungo vyake vilikuwa ghali. Karafuu zilitoka visiwa vya Maluku peke yake, zikapita mikono mingi kabla ya kufika Venice, na kila mkono uliongeza bei. Waholanzi walipoviteka visiwa hivyo katika karne ya 17, walikata mikarafuu kwa makusudi ili bei isishuke.

Ukiritimba huo ulianza kuvunjika mwaka 1770, miche ilipotoroshwa hadi Mauritius kwa juhudi za Mfaransa Pierre Poivre. Mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ikafika Unguja. Sultani Sayyid Said aliwahimiza wenye mashamba kupanda mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na kufikia katikati ya karne Zanzibar ilikuwa ikiongoza duniani. Bei ikaporomoka. Gharama waliilipa watumwa waliochukuliwa bara, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa. Ndio waliopanda mitini kuchuma kabla maua hayajachanua, wakachambua vikonyo na kuanika karafuu majamvini. Historia ya kinywaji hiki isiyowataja watu hao ni pungufu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikawa mzalishaji mkuu. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897.

Ni katika karne hiyohiyo mvinyo wa viungo ulipopata nafasi yake katika Krismasi ya familia za kawaida. Katika hadithi ya Krismasi ya Charles Dickens, iliyotoka mwaka 1843, Scrooge anamkaribisha karani wake kinywaji cha jamii hiyo, ambacho hutengenezwa kwa machungwa yaliyochomekwa karafuu. Nchini Uswidi glögg ilifungamana na Krismasi katika miaka ya 1890.

Nyumbani, chupa moja ya mvinyo hutiwa vijiti viwili vya mdalasini, karafuu tano au sita, vipande vya chungwa na sukari kiasi. Sufuria hukaa juu ya moto mdogo na mvinyo hauachwi uchemke, kwani kileo huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi na kupotea na mvuke. Karafuu zikizidi, mafuta yake hutia ganzi ulimi, sawa na yanavyotuliza jino linalouma. Waswidi huongeza iliki, kisha hutia zabibu kavu na lozi kikombeni. Wasiokunywa pombe hutumia maji ya tufaha au ya zabibu. Viungo ni vilevile.