Baisikeli na Wanyama wa Mwitu katika Njia ya Tunduma

Kila asomaye kitabu hiki cha Jubilei ajua kwamba habari za kale za nchi si habari za majengo tu. Kabla mwalimu hajafika kijijini ilimpasa apite njia, na njia ile ilikuwa na wenyewe waliotutangulia, yaani wanyama wa mwitu. Basi twataka kueleza jinsi mpanda baisikeli alivyokutana na mnyama katika nchi ya Songwe na nchi zilizo jirani, na kwa nini makutano hayo yaligeuka mara moja kuwa msiba mkubwa. Twaandika kwa ajili ya walimu, wapate kuwafundisha watoto, na kwa ajili ya wazee, wapate kuongeza yale waliyoyasikia kwa baba zao.

Mkoa wa Songwe ulitengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, lakini nchi yenyewe ni mlango wa tangu zamani. Mashariki kuna Ziwa Nyasa, magharibi kuna Ziwa Tanganyika, na katikati ndipo Tunduma. Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali na Walambya wamekaa hapa wakiwaona wageni wakipita kutoka kaskazini kwenda kusini, na wanyama vilevile. Mwaka 1881 James Stevenson, mfanyabiashara wa Uskochi, alitoa fedha ijengwe barabara ya kuyaunganisha maziwa hayo mawili. Haikukamilika kama ilivyokusudiwa, lakini njia yake ilipita Fife, ng'ambo tu ya Tunduma.

Zamani zile watu walisafiri kwa misafara. Wapagazi walifuatana wengi pamoja, wakiimba na kuitana, na usiku waliwasha moto wakalala wakiuzunguka. Mnyama aliwasikia kutoka mbali akapata nafasi ya kuondoka. Baisikeli ndiyo iliyobadili desturi hiyo. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitengeneza baisikeli ya magurudumu mawili yaliyo karibu sawa, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop akatengeneza tairi ya kujazwa upepo. Katika vita ya kwanza ya dunia chombo hicho kilikwisha kufika katika njia zetu. Mwezi wa Novemba 1918 jeshi la Wajerumani lilipita karibu na Fife likielekea kusini, na jemadari wake, von Lettow-Vorbeck, aliandika baadaye kwamba aliingia Kasama amepanda baisikeli.

Vita ilipokwisha, baisikeli ilizidi kuenea kwa walimu, makarani, matarishi na wakulima wa kahawa. Mtu aliyetembea siku mbili kwa miguu aliweza sasa kufika kabla ya jua kutua, na vitabu vyake vimefungwa juu ya karia. Faida yake ilikuwa kubwa, wala hapana aliyetaka kurudi nyuma. Lakini yafaa tuseme pia gharama yake. Baisikeli ilimtoa mtu katika msafara ikampeleka peke yake, bila moto na bila sauti, katikati ya majani marefu.

Hapo ndipo twaona tofauti kati ya mtu wa miguu na mtu wa baisikeli. Kwanza, gurudumu halina kishindo katika vumbi. Mnyama aliyelala kando ya njia hajui lolote hata gurudumu limfikie karibu, na mnyama aliyeshtuka ni mbaya kuliko mnyama aliyeonywa. Pili, mpandaji huangalia mbele ya gurudumu lake, ayakwepe mawe na mashimo, naye haoni yaliyo ubavuni. Tatu, simba, chui na fisi wana tabia ya kukifukuza kitu kinachokimbia, na baisikeli hukimbia daima. Wahenga walisema, "Simba mwenda pole ndiye mla nyama." Mpandaji huenda mbio asimwone yule mwenda pole. Tena yuko kifutu, nyoka mnene mvivu, apendaye kulala juu ya njia yenye joto jioni. Yeye hakimbii asikiapo mtu, hukaa kimya, na aliyekanyaga kwa mguu au kushuka juu yake gizani hupata majuto.

Hata hivyo hatari hizi ni za kila siku, na mtu mwenye akili hujifunza kuzikwepa. Msiba twaoutaja sasa ni wa namna nyingine, nao ulitokea katika nchi ya jirani zetu wa Njombe, kandokando ya Wanging'ombe na Rujewa. Msafiri wa leo atokaye Tunduma kwa barabara kuu hupita Mbeya, Chimala na Igawa akielekea Makambako, naye huipita nchi ile ile.

Kuanzia mwaka 1932 mpaka mwaka 1947 simba wa huko walikula watu. Hesabu itajwayo mara nyingi ni watu 1,500. Simba wa kawaida humwinda mnyama na humwogopa mtu. Hawa walimfuata mtu mashambani, visimani na njiani, nao waliua hata alasiri, jua likiwaka. Kisha usiku walikwenda mbali sana, na kesho yake kilio kilisikika katika kijiji kingine kisichowatazamia. Katika nchi kama hiyo mwenye baisikeli hakuwa na kinga kuliko mwenye mkongojo, na safari ya saa moja iliweza kuwa ya mwisho.

Tujiulize, simba hao walipataje kuacha mawindo yao? Sababu itajwayo sana ni ugonjwa wa ng'ombe uitwao sotoka. Ugonjwa huo uliingia Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1890, ukaua ng'ombe, nyati na wanyama wengine wengi, ukapita katika mlango wetu kati ya maziwa, na mwaka 1896 ukauvuka mto Zambezi kwenda kusini. Watu waliokaa kwa mifugo walibaki maskini. Serikali za Waingereza hazikusahau. Sotoka ilipokaribia tena karibu na mwaka 1940, zilitaka kuufunga mlango huu kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Ng'ombe walichanjwa, ua ulijengwa, na wanyama wa mwitu walipigwa risasi ili wasiubebe ugonjwa. Katika nyanda za juu za kusini pundamilia, nyati na swala walipungua. Ng'ombe waliokolewa, nasi hatuwezi kulidharau jambo hilo, maana ng'ombe ni chakula, mahari na akiba ya mtu. Lakini simba hakuulizwa atakula nini. Wale waliokwisha kuonja nyama ya mtu walizidi kuitafuta, na watoto wao walijifunza kwa mama zao kama mtoto ajifunzavyo kulima.

Kuna sababu ya pili, nayo yatuhusu zaidi sisi tufundishao, yaani kunyamaza. Watu wengi wa nchi ile waliamini kwamba simba wale hawakuwa simba hasa, ila walitumwa na mganga mmoja aliyeondolewa katika ujumbe wake. Kwa hofu hiyo walikataa hata kulitaja jina la simba, wakidhani kwamba amtajaye humwita. Mtu aliuawa, na jirani yake hakupeleka habari. Bwana George Rushby wa idara ya wanyama, aliyetumwa kuwawinda, aliona kwamba kazi ngumu ya kwanza ilikuwa kuambiwa simba wako wapi. Yeye na askari wake wa wanyama waliwaua simba 15, na mwaka 1947 mauaji yalikoma. Wako waliosema kwamba yalikoma kwa sababu mganga amerudishiwa ujumbe wake. Hatutaki kuwacheka watu waliokuwa katika hofu ya miaka 15. Lakini twaona wazi kwamba kila siku iliyopita bila habari kupelekwa iliwapa simba siku moja zaidi.

Asidhani mtu kwamba mambo haya yamekwisha pamoja na enzi ya wakoloni. Wataalamu waliohesabu mashambulio ya simba katika Tanzania tangu mwaka 1990 hata mwaka 2004 walipata watu 563 waliouawa na zaidi ya 300 waliojeruhiwa, wengi wao katika mikoa ya kusini na pwani. Walikuta kwamba mashambulio ni mengi pale ambapo mawindo ya kawaida ya simba ni machache na nguruwe mwitu ni wengi, maana nguruwe huja shambani, na simba humfuata. Walikuta tena kwamba saa za hatari ni saa za giza, hasa siku zifuatazo mwezi mpevu, wakati mwezi unapochelewa kuchomoza na jioni inapokuwa nyeusi. Tazameni jinsi habari hii ilivyo sawa na ile ya Njombe: mawindo yakipungua, njaa ya simba hugeukia kwa mtu.

Katika Tunduma ya leo simba hasikiki tena. Pana malori, pikipiki na reli ya TAZARA iliyofunguliwa miaka ya 1970. Hata hivyo barabara hiyo hiyo, ikiendelea kwenda Dar es Salaam, hupita kilomita 50 hivi ndani ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Huko tembo, nyati na twiga huvuka lami mchana na usiku. Sasa mambo yamegeuka. Zamani msafiri alimwogopa mnyama. Leo mnyama ana sababu zaidi ya kumwogopa msafiri, maana wengi hugongwa na magari, hata ikabidi kuweka matuta na mbao za onyo. Sotoka nayo imekwisha; mwaka 2011 ilitangazwa kwamba haiko tena duniani.

Kwa hiyo walimu wawafundishe watoto mambo machache. Apitaye porini kwa baisikeli asiende peke yake, wala asianze safari jioni. Apige kengele penye majani marefu na penye kona. Akimwona tembo mbele, asimame mbali angoje. Akimwona simba, asikimbie wala asimpe mgongo. Ashuke, baisikeli iwe kati yake na mnyama, arudi nyuma polepole. Akiona nyayo za simba karibu na kijiji, awaambie wakubwa siku ile ile, wala asione haya kulitaja jina lake.

Tena liko neno moja la mwisho. Wengi waliokufa katika miaka ile 15 hawakuandikwa katika kitabu chochote. Walikuwa wakulima, wachota maji na wasafiri, nao wanakumbukwa na jamaa zao tu, na jamaa hao wanazidi kupungua. Twawaomba walimu wawapeleke wanafunzi kwa wazee, hapa kwetu na huko Wanging'ombe, wakaulize majina ya waliopotea njiani na mahali walipopotelea, wayaandike katika daftari ya shule. Waliolala kimya kwa sababu ya hofu ya wakati wao yafaa watajwe sasa, ambapo hapana tena sababu ya kuogopa.