Kulipa kidogo kidogo kazi ya dizaina: hukumu na mipaka yake

Katika kata ya Nyasubi, Kahama, kama ilivyo kwenye miji mingine ya ukanda huu wa dhahabu, kijana mwenye kompyuta anaweza kupata riziki kwa kuchora nembo ya mifuko ya mchele, bango la duka au kadi za harusi. Mteja wake naye ni mfanyabiashara mdogo ambaye fedha yake huja na msimu wa mpunga au na watu wanaotoka machimboni. Basi huelewana hivi: "Anza kazi, nusu chukua sasa, nyingine nikiuza." Tunaulizwa: mapatano haya yanafaa? Na mteja akichelewa, dizaina anaweza kuongeza bei?

Tunasema, na taufiki ni ya Allah: asili ya miamala ni uhalali. Kutanguliza kianzio, kulipa kwa awamu au kuahirisha malipo kunafaa, madamu kazi imeelezwa, bei imetajwa na muda unajulikana. Tatizo la mapatano hayo liko kwenye neno "nikiuza". Hakuna ajuaye atauza lini, na huo ni gharari. "Baada ya mavuno" wanazuoni wamehitilafiana: Imamu Malik aliruhusu, wengi wakakataa. Taja tarehe, mtasalimika.

Dizaina akichora tu na kutuma faili, hiyo ni ijara, yaani malipo ya kazi. Akichapisha bango kwa turubai na fremu zake mwenyewe, hiyo ni istisnaa. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika Mashariki, huihesabu istisnaa kuwa ni salamu, na hutaka bei yote ilipwe papo hapo. Mahanafi waliijuzisha. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Jeddah mwaka 1992 lilipitisha (azimio namba 65) kuwa bei yake inaweza kucheleweshwa au kugawanywa kwa awamu zinazojulikana. Tunaifuata kauli hii kwa kuwa haja ya watu iko wazi.

Ama kuongeza elfu tano kwa kila wiki ya kuchelewa, hiyo ni riba, hata mteja akiridhia. Hapa vijana hulalamika, kwa sababu azimio namba 109 la Baraza hilo, Riyadh mwaka 2000, linamruhusu mteja kuweka sharti la fidia bango likichelewa, lakini halimruhusu dizaina kufanya hivyo pesa ikichelewa. Tofauti ni kwamba kuchelewa kwa kazi humtia mteja hasara halisi inayopimwa, kwa mfano duka limefunguliwa bila bango. Deni la pesa likiongezwa kwa ajili ya muda tu, ndiyo riba yenyewe.

Hata hivyo dizaina hajaachwa mikono mitupu. Anaweza kusema mwanzoni: laki moja taslimu, au laki na ishirini kwa miezi miwili, wakachagua moja kabla ya kuachana. Anaweza kutaka rehani au mdhamini. Anaweza kushurutisha kuwa mteja ataona picha hafifu tu, na faili kamili litatoka baada ya malipo. Kwa maoni yetu hii ndiyo kinga bora, na haigombanishi watu. Na aandike, kama inavyoagiza aya ya 282 ya Al-Baqara. Hata ujumbe wa simu una faida, kwani Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua kuwa ushahidi mahakamani.

Mteja akiwa na dhiki ya kweli, aya ya 280 ya sura hiyo hiyo inataka asubiriwe mpaka apate wepesi. Lakini anayejaza shehena mpya dukani huku akisema hana kitu, huyo si mwenye dhiki. Mtume (rehema na amani zimshukie) amesema, katika Hadithi ya Abu Huraira iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kuwa kuchelewesha kwa mwenye uwezo ni dhulma. Dizaina anayo haki ya kumdai mbele ya wazee wa msikiti, na wakishindwa, Mahakama ya Mwanzo, kwa kiasi kile kile walichokubaliana.

Wallahu a'lam.